Kipimo cha Kina cha Mjomba Ausi

Nachingwea
4 Machi 1951

Kwa mpwa wangu Bashiri, uliyeko Ruangwa kwa mama yako.

Salamu nyingi zikufikie, nyingi kama matope ya hapa kwetu mwezi huu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, hilo lina mambo yake peke yake. Wewe hujambo? Dada yangu Sikuzani kifua kimepoa? Na yule mbuzi wake asiye na adabu bado anakula nguo za watu?

Kwanza nataka ujue kwamba mjomba wako sasa ni mkubwa wa vipimo vyote vya mradi wa karanga. Mzungu hapimi shamba, hapimi barabara, hapimi hata miguu ya kitanda chake kabla hajaniita: "Mzee Ausi, unaonaje hapa?" Namwambia, naye anaandika.

Haya, najua barua hii utamsomea mama yako, na yeye ananijua tangu nilipokuwa nakula udongo. Basi niseme kweli: nafagia stoo. Lakini stoo ninayoifagia ndimo vinamolala vipimo vyote, kwa hiyo sikudanganya sana.

Sasa sikiliza. Anselmo dereva alipita hapa Jumanne akanieleza yote. Kwamba mashua yako ya Lindi imepanda mchanga mara mbili. Kwamba mara ya pili ubao umepasuka, na sasa inazibwa pwani huku wewe umekaa kwa mama yako unahesabu kuku. Kwamba mwenye mashua, huyo Mzee Swalehe, aliahidi uiendeshe misimu mitatu kisha iwe yako, na mama yako ameshatia humo ufuta wa miaka miwili. Na kwamba Swalehe ameapa: ikipanda mchanga mara ya tatu, unashuka, na ufuta wa dada yangu umekwenda na maji.

Bashiri, kwetu mtoto ni wa mjomba. Ukikwama, watu hawatasema mtoto wa fulani kakwama. Watasema mpwa wa Ausi. Mimi nina mambo ya kutosha ya kusemwa.

Karanga zimewashinda hapa, na vitu vinauzwa, vingine kwa bei ya kutupa. Nitakutafutia mashine ya kupimia kina cha maji. Niambie tu ikoje, maana bahari nimeiona mara moja, nilipokuwa mpagazi wakati wa vita vya Mjerumani. Niliionja, nikaitema, tukaachana hapo.

Ni mimi,
Mjomba wako, Ausi


Ruangwa
20 Machi 1951

Kwa mjomba wangu mpendwa, Mzee Ausi.

Shikamoo mjomba. Barua yako imefika, nasi tulicheka mpaka mama akashikwa na kikohozi. Sisi wazima. Kifua cha mama kinakwenda kikirudi. Mbuzi amekula shuka. Tunakuombea goti lako.

Mjomba, mama anasema usijisumbue. Mimi nasema jisumbue kidogo, maana sina njia nyingine.

Hali ni hii. Mdomoni mwa mto pale Lindi kuna fungu la mchanga, na kila mvua ikiisha fungu limehama. Leo liko kulia, mwakani liko katikati. Mashua ikiwa na mzigo inataka maji ya futi nne, tano ndiyo salama. Mimi nina upondo wa kusukumia mashua, lakini upondo wenyewe ni mfupi, na mahali ambapo haufiki sijui kama fungu linakuja au linakwenda. Zamani palikuwa na bildi, ile risasi nzito ya kufunga kwenye kamba. Ilikatika siku ya kwanza tulipokwama. Nikafunga jiwe. Mkondo ukaiburuta kamba upande, nikahesabu pima mbili, yaani futi kumi na mbili, kumbe tumeshakaa juu ya mchanga kama kuku juu ya mayai.

Kwa hiyo natafuta kitu kizito kinachoshuka wima. Kisitake umeme, maana mashua ni ya tanga, haina injini. Kisitake mtu aliyesoma sana. Na kisizidi shilingi thelathini, ndizo nilizo nazo.

Narudi Lindi mwisho wa Mei. Mwezi wa sita mizigo ya ufuta inaanza, na Mzee Swalehe amesema safari ya kwanza atapanda mwenyewe aone.

Mama anakusalimu. Anasema usiibe kitu.

Mpwa wako,
Bashiri


Nachingwea
10 Aprili 1951

Kwa mpwa wangu Bashiri, nahodha wa kuku.

Je, mko salama hapo? Mvua inawaacha mlale? Huku tunakula kisamvu na Mungu anashukuriwa. Goti linasalimu pia.

Mwambie mama yako sijaiba. Ningeiba ningekuwa tajiri, na yeye angekuwa wa kwanza kunitembelea.

Nimeona mashine tatu. Ya kwanza ni sanduku lenye kioo na mshale. Karani wetu Kipriani, mtani wangu, anasema ilitoka kwenye manowari ya vita. Kazi yake ni kupiga kelele ndani ya maji kisha kungoja chini ijibu. Nikamuuliza, "Na chini ikinuna?" Akasema, "Chini siyo mkeo, Mzee Ausi." Huyo ndiye mtani niliyepewa. Basi sanduku hilo linataka betri mbili za lori, na bei yake shilingi mia tatu. Imefikaje Nachingwea, ambako hata vyura wanakuja kwa mwaliko? Hakuna anayejua. Nimeipapasa, nikaiacha.

Ya pili ni fito za chuma za watu wa kuchimba visima. Zinashuka wima, hilo sikatai. Lakini ukipakia moja tu, mashua nayo itashuka wima.

Ya tatu, Bashiri, ya tatu ndiyo yako! Ni gurudumu lenye utepe mwembamba wa chuma, umeandikwa futi moja mpaka mia. Mwisho wa utepe pana bomba la shaba, nene kama kidole gumba, zito kama deni. Unaliteremsha, linakwenda chini, na likifika linapiga filimbi lenyewe! Hakuna betri, hakuna mshale, hakuna shule. Likilia unasoma futi. Watu wa visima ndio walikuwa wanalitumia kupimia kina, sasa wameondoka.

Shilingi ishirini na mbili. Nimenunua kwa fedha yangu, ni zawadi.

Usidhani nimekutumia gunia bila kulifungua. Nilikwenda nalo Mtua, kwenye kile kisima kirefu. Akaja Kornelia, yule mjane anayeteka hapo, akanikuta nimeinama. Akasema, "Mzee, unatuvulia samaki?" Nikasema, "Nyamaza, napima." Nikateremsha. Kimya. Nikateremsha. Kimya. Mara chini kabisa: fiiii! Futi sitini na moja. Kornelia alishika kichwa. Nikamwambia, "Kisima chenu kina futi sitini na moja." Akasema, "Kamba yangu ilishaniambia." Wanawake wa Mtua hawashangai kitu.

Sasa fikiri: kama linaweza sitini na moja gizani, futi tano za Lindi ni mchezo. Namkabidhi Anselmo kesho.

Mjomba wako, mnunuzi,
Ausi


Ruangwa
29 Aprili 1951

Kwa mjomba wangu Mzee Ausi.

Shikamoo. Hatujambo, nawe tunatumaini hujambo. Mzigo umefika salama. Mama alipousikia uzito wake alisema ahsante mara mbili, na mimi nasema mara ya tatu.

Mjomba, nina swali, na naomba usilichukulie vibaya.

Nililijaribu kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba. Pipa lina futi tatu, nilipima kwa kijiti. Bomba lilipogusa tu maji, juu kabisa, likapiga filimbi. Fiii! Futi sifuri. Nikalishusha mpaka chini, likanyamaza kabisa. Nikalitoa, nikalirudisha, fiii tena pale pale juu. Watoto wa jirani wakakusanyika wakidhani nauza kitu.

Nikaenda nalo mtoni. Ni vilevile. Linapiga filimbi kunijulisha kwamba nimefika majini. Hilo mjomba nalijua, maana nimelowa.

Je, pana mahali pa kuzungusha? Kuna kifuniko kilichopotea? Au mimi nalishika kinyume? Mama anasema mjomba wako hawezi kukosea kitu alichokilipia. Siku zinakimbia, na kitu kingine sina muda wa kukitafuta.

Mpwa wako,
Bashiri


Nachingwea
9 Mei 1951

Kwa Bashiri.

Salamu. Mzima? Mama mzima? Mimi ni mzima lakini umenichafua roho.

Pipa! Unapima pipa! Kijana, kile ni chombo cha maji marefu. Ukimpeleka ng'ombe akanywe kwenye kikombe, usiseme ng'ombe mbovu.

Nimekaa nimefikiri siku mbili, na Kipriani amefikiri nami, ingawa yeye anafikiri huku anatafuna muhogo. Tumeona kosa. Pale Mtua mimi nilisimama juu sana na maji yalikuwa chini sana. Wewe ulisimama karibu na maji. Bomba halikupata nafasi ya kushuka, ndiyo maana likashtuka likalia mapema. Linataka mwendo.

Dawa yake rahisi. Mashua ina mlingoti. Panda juu ya mlingoti, teremsha kutoka huko. Likilia, soma. Kipriani anasema pengine upunguze urefu wa mlingoti kwenye hesabu. Mimi nasema usipunguze, maana karani kazi yake ni kupunguza. Tumebishana. Fanya utakavyoona.

Mjomba wako,
Ausi


Ruangwa
24 Mei 1951

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Naandika kwa haraka, lori la Anselmo liko nje na injini inawaka. Nakwenda Lindi, nimelibeba lile gurudumu. Maelezo yako nimeyasoma mara nne. Kila nikisoma naelewa kidogo zaidi kisha napotea zaidi. Mama amenifunga kitambaa mkononi kama mtoto anayekwenda jandoni.

Ukiandika, andikia posta ya Lindi.

Mpwa wako,
Bashiri


Nachingwea
11 Juni 1951

Kwa mpwa wangu Bashiri, posta ya Lindi. Kwa haraka.

Sikuulizi hali. Hapana, nakuuliza: hujambo? Ukiwa hujambo, soma hapa, kabla hujapanda popote.

Usipande mlingoti.

Jana nilikwenda Mtua kunywa maji. Nikamkuta Kornelia anaunga kamba ya ndoo. Nikamtania: "Vipi, kisima kimekua?" Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Akasema, "Maji yamepungua, Mzee. Yamebaki ya magoti. Yakipungua, kamba inaongezwa."

Nikakaa chini, Bashiri. Nikakaa pale pale kwenye tope.

Maji ya magoti! Na mimi niliwatangazia watu futi sitini na moja. Sasa ningepima ningepata sitini na nne, na maji ni machache kuliko yalivyokuwa! Unaona? Bomba lile halipimi maji. Linapima mpaka kufika kwenye maji. Sisi watu wa huku tangu tuzaliwe swali letu ni moja tu, maji yako mbali kiasi gani. Tukiyafikia tumefurahi, nani atauliza tena yana unene gani? Watu wa visima nao walitaka hilohilo. Nimekununulia kipimo cha kiu, mpwa wangu, nikakutuma nacho baharini.

Ukipanda mlingoti kitakuambia futi ishirini. Utafurahi, utasema hapa pana maji, na chini kuna mchanga unakucheka. Kadiri unavyopanda, ndivyo kitakavyokudanganya.

Kitupe. Tafuta jiwe zito, tafuta risasi, omba, azima. Mimi naweza kutuma shilingi nane ndizo nilizo nazo. Nijibu hata neno moja.

Mjomba wako, mpumbavu,
Ausi


Nachingwea
20 Julai 1951

Bashiri,

Hujambo? Wiki tano na siku nne. Nahesabu kwa mistari ya chaki nyuma ya mlango wa stoo, Kipriani anaona na hanitanii. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Dada yangu amenitumia ujumbe kwa mdomo wa Anselmo: "Mwambie Ausi asikanyage kwangu mpaka mtoto aandike." Nimemwelewa.

Andika. Hata matusi, nitayapokea.

Mjomba


Lindi
2 Agosti 1951

Kwa mjomba wangu Mzee Ausi.

Shikamoo mjomba, shikamoo tena. Mimi mzima. Goti lako je? Samahani kwa ukimya. Sababu ya kwanza, barua zako zote mbili nimezikuta posta jana kwa pamoja, kwa kuwa tuko majini siku zote. Sababu ya pili ni ya kweli zaidi: nilikuwa nimekukasirikia.

Tulitoka na mzigo tarehe kumi na sita Juni. Magunia ya ufuta hadi kwenye ukingo. Mzee Swalehe alikaa nyuma karibu na usukani, tasbihi mkononi, anaivuta. Maji yalikuwa yanakupwa. Tulipokaribia fungu nikatoa gurudumu lako. Nikashusha. Fiii!

Baharia mmoja akasema, "Nahodha, unaita polisi?" Wote wakacheka. Mzee Swalehe akauliza, "Kitu gani hicho?"

"Kipimo cha kina, Mzee. Kimetoka Nachingwea."

"Nachingwea kuna bahari siku hizi?"

Mjomba, nikafanya ulivyosema. Nikapanda mlingoti. Nikashusha kutoka juu mbele ya watu wote. Fiii! Futi ishirini na mbili. Na hapohapo nikiwa juu nikaona kwa macho yangu maji mbele yamegeuka rangi, meupe, kama uji. Nikajua kipimo hiki kinaongea habari zangu mimi, siyo za maji. Nikateremka. Mzee Swalehe alikuwa ameshaacha kuvuta tasbihi. Ananitazama tu.

Aibu ilinishika, nisikufiche. Sikutaka kuisikia ile filimbi tena maishani. Palikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia kwenye ndoo. Nikakikandamiza ndani ya mdomo wa bomba mpaka ukajaa, nikasema haya, piga sasa. Nikalirusha majini kwa hasira.

Likanyamaza. Likashuka wima, mjomba. Shaba nzito, utepe mwembamba, mkondo hauna pa kushika. Mara utepe ukalegea mkononi. Lilikuwa limekaa chini. Nikasoma: futi tisa. Nikavuta, na kwenye sabuni pamegandia tope jeusi.

Mzee Swalehe akainuka. Akalichukua bomba, akanusa ile sabuni, akasema, "Hii ni bildi." Halafu akasema, "Tope ni mfereji. Ukiona mchanga, geuka." Akarudi kukaa.

Nikashusha tena. Futi nane, tope. Futi saba, tope. Futi sita, na sabuni ikaja na mchanga mweupe. Nikapiga kelele, "Kulia!" Tanga likapiga, tukageuka, ubavu wa mashua ukakwaruza kitu, nikafumba macho. Nikashusha. Futi saba, tope. Nane. Kumi. Tukatoka.

Njia nzima mzee alivuta tasbihi yake. Tulipokwisha kushusha magunia nikasimama mbele yake, maana nilijua amesikia ule mkwaruzo. Akafunga tasbihi kitambaani. Akasema, "Kesho tunatoka alfajiri. Nunua sabuni nyingine."

Tumekwenda safari kumi na moja tangu siku hiyo. Mchanga hatujaupanda. Jana nimemwandikia mama, ila habari ya mlingoti na ya sabuni sijamwandikia.

Hasira imekwisha mjomba.

Mpwa wako,
Bashiri


Nachingwea
19 Agosti 1951

Kwa mpwa wangu Bashiri, nahodha.

Hujambo, hujambo, hujambo. Mara tatu, mbili ni za zile wiki ulizoninyima. Mzee Swalehe hajambo? Msalimu, mwambie ana ndugu Nachingwea hata kama hakumwomba. Goti langu limepona siku iliyofika barua yako, likaanza tena kesho yake.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya tatu nilisomewa na Kipriani, maana stoo ina vumbi na macho yangu siku hizi hayavumilii vumbi. Alipofika kwenye mlingoti alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Alipofika "futi sita, mchanga" akasimama. Alipofika "kesho alfajiri" akanipa mkono kama watu waliomaliza kuchimba kisima. Halafu akasema, "Mzee Ausi, umenunua kitu kisicho chenyewe, ukakieleza visivyo, kikafanya kazi siku kilipozibwa mdomo. Na wewe tukuzibe?" Mtani ana ruhusa, nimemwacha.

Nilikwenda Mtua nikamwambia Kornelia. Akasema vizuri. Akanitekea maji, nikanywa, sikuuliza yana futi ngapi.

Sasa, Bashiri. Kipimo nilikupa bure, sikukudai na sitakudai. Lakini kuna jambo moja dogo, nadhani hilo nakudai.

Mama yako amenifungulia mlango, lakini nusu. Jumapili nilikuwa kwake, akanipa ugali bila mboga. Kasikia habari za mlingoti kwa Anselmo, na hazijamtoka moyoni. Kila nikitaka kusema, anatazama juu darini kana kwamba mtu kapanda huko.

Basi mwandikie. Maneno machache tu. Mwambie kwamba wazo la sabuni lilitoka kwa mjomba. Usieleze lini. Akikuuliza mbona halimo kwenye barua yoyote aliyosomewa, sema lilikuwa kwenye ile iliyolowa baharini.

Ni mimi,
Mjomba wako, Ausi